Dishi la Uani kwa Mama Kulwa

Tulimzika Masanja siku ya Jumanne. Jumatano mchana, wanaume wakiwa wamejikusanya mbele wanazungumzia ujenzi wa kaburi, na wanawake wenzangu wakisugua masufuria ya msiba kwa majivu, nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kivuli nikakutana na dishi. Lilikuwa limelazwa chali juu ya matofali, futi nane za bati lililoanza kuliwa na kutu, na ndani yake walikuwa wameanika michembe. Mtu wa Shinyanga hashangai kuona michembe imeanikwa popote, iwe juu ya paa, juu ya jiwe au kwenye mkeka. Viazi vimemenywa, vimekatwa vipande, vinangoja jua livikaushe ili miezi ya shida pawe na cha kuchemsha. Lakini dishi hili nililijua. Lilikuwa la vipande sita vilivyofungwa kwa bolti, na kimoja kati ya hivyo sita kilikuwa na rangi ya buluu, rangi ya mlango, iliyopakwa na Masanja mwenyewe ili kuzuia kutu, kwa sababu siku hiyo ndiyo rangi pekee iliyokuwamo ndani ya nyumba. Hata nyumba yenyewe niliijua, na haikuwa hii ya msiba. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi na nguo yangu ya msibani. Mjane wa Masanja alipokuja kugeuza michembe alidhani nimezidiwa na kifo cha mumewe, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nikanywa, nikamwambia wabeja, asante ya kwetu, sikumsahihisha.

Habari za kwetu Songwa sitazieleza hapa. Watu wa kwetu hawana kosa katika jambo hili. Naanzia siku niliyoshuka Buseresere na begi moja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo ambao kila mtu aliusifu. Nilipata kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, barabara ya kwenda Biharamulo, kwa tajiri mmoja aliyenisikiliza dakika tano nikimsifia mteja redio ambayo sikuwahi kuiwasha, akasema, "Wewe binti kaa hapa mbele." Kazi ya mbele ilikuwa kuongea. Mwaka ule dhahabu ilikuwa inatoka vizuri, na mchimbaji akipata, kwanza ananunua bati, pili pikipiki, tatu anakuja kwetu kuulizia dishi. Akishafika hajui achukue lipi. Ukutani tulikuwa tumeegemeza aina mbili: dishi kubwa la bendi ya C, na dishi dogo la kubeba kwapani, la bendi ya Ku. Nilikuwa nikieleza hivi, na hata leo ukiniamsha usingizini nitaeleza vilevile. Mawimbi ya C ni marefu na yanafika yamechoka, kwa hiyo yanahitaji sahani pana ya kuyakusanya, lakini mvua hayaijali, yanapita katikati yake bila shida. Mawimbi ya Ku ni mafupi, sahani ndogo inayatosha, unafunga ukutani umemaliza. Ila mvua kubwa ikija inayameza njiani, na picha inakatika mpaka mvua ipungue. Kama una uwanja na hutaki kusumbuliwa na mvua, chukua kubwa, mwaga zege, simamisha nguzo isiyotikisika, maana likiinama kidogo tu halioni kitu. Kama huna uwanja, chukua dogo na uvumilie masika. Hayo ndiyo maelezo kamili na ya kweli. Nimeyaandika yote kwa sababu mwaka ule kuna mtu mmoja nilimpa nusu.

Aliyekuwa akifunga madishi ni huyu Masanja tuliyemzika, fundi wa Shinyanga, mtu mrefu, mpole, ambaye maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Alitembea na dira, kamba yenye kipande cha chuma mwishoni cha kupimia wima wa nguzo, na msumari. Msumari ulikuwa wa kuandikia. Nyuma ya kila dishi kuna chuma kinachopandisha na kushusha uso wake, na Masanja akishapata picha safi alikwaruza mstari mdogo kwenye chuma hicho, ili siku akirudi ajue alipoliacha. Hakuna fundi mwingine niliyemwona akifanya hivyo. Mimi, mwenye maneno mengi, nilikuwa nikimtania kwamba anaandikia vyuma barua kwa sababu kuongea na watu kumemshinda. Alikuwa akicheka kidogo, anaendelea kukaza nati.

Nilipanga chumba kwa Mama Kulwa, pale mji unapoishia na njia ya machimboni inapoanza. Kilikuwa chumba cha pembeni, sakafu ya udongo uliosiribwa vizuri, kitanda cha kamba, na kuta ambazo hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni lilinifikia. Sebule yenyewe mchana iligeuka mgahawa. Mama Kulwa aliwapikia wachimbaji, na wao walikuja saa saba wakiwa weupe kwa vumbi, wakanawa, wakakaa kwenye mabenchi mawili, wakala ugali wa muhogo na sangara wa moshi, au nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakiwa yameungwa kwa karanga mpaka mchuzi unaganda. Jiko lilikuwa nje, upande wa magharibi wa ua, kibanda cha miti na bati, na ndani ya kibanda hicho kilisimama kinu kikubwa cha mti mgumu. Asubuhi na alasiri Mama Kulwa alitwanga muhogo wake humo. Nilizoea mlio ule, nikawa najua saa kwa kuusikiliza. Mapacha wake, Kulwa na Doto, walikuwa na miaka sita, wakizunguka kinu na kuokota vilivyoruka. Na mlangoni, kwenye kigoda, alikaa Baba Kulwa.

Baba Kulwa alikuwa mchimbaji tangu ujana wake mpaka vumbi la mawe lilipomjaa kifuani. Hospitali walimwambia akishuka tena duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hatapanda. Alikuwa bado na mabega mapana, lakini akivuka ua alisimama mara mbili kupumua. Alishinda pale mlangoni akiwaangalia wenzake wakila na kuondoka, na kila siku alizidi kuwauliza mwamba umeelekea wapi, miti ya kuzuia udongo wameweka mingapi, nani siku hizi anashika tochi mbele. Nilisikia kila kitu nikiwa chumbani. Siku moja nilimsikia akimwambia mmoja wao, kwa sauti ya chini, "Niwekee nafasi. Nitashuka nusu siku tu." Na Mama Kulwa alikuwa palepale, anakusanya sahani. Kesho yake alikuja dukani kwetu akiwa amevaa viatu.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nataka televisheni ya kumweka yule mtu juu ya ardhi. Akiangalia ukuta mwezi mwingine mmoja, atarudi kule chini, na kifua kile hakitamrudisha. Anapenda taarifa ya habari. Anapenda na michezo ya kuigiza ya Kiswahili. Sasa niambie, nichukue lipi?"

Nilimweleza yote, siku hiyo. Una uwanja, nilimwambia, utamaliza masika yote bila picha kukatika, chukua kubwa. Aliligusa lile la futi nane, akacheka kwa aibu. "Hili si sufuria la harusi kabisa! Watu watasema Mama Kulwa amenunua choo cha ndege." Lakini alilichukua. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa mahari ya dada yake kwa ridhaa ya dada mwenyewe, na televisheni ndogo aliipata mkononi kwa mchimbaji aliyekuwa anahama. Umeme tulivuta kwa jirani mwenye jenereta. Masanja alichimba katikati ya ua, akamwaga zege, akasimamisha nguzo, akasubiri siku nne ikauke kabla hajapandisha sahani. Liliangalia mashariki na juu, mgongo umeelekea jikoni. Picha ilipotokea, mapacha walipiga kelele, na Baba Kulwa alihamisha kigoda chake kutoka mlangoni, akakiweka mbele ya kioo, akakaa. Mama Kulwa alikuja chumbani kwangu akanishika mikono yote miwili. Mimi nilijivuna mpaka kichwa kikauma.

Tulikuwa na miezi mizuri, sitaki kuinyima haki yake. Mle sebuleni palikuwa na harufu ya samaki, ya jasho na ya karanga, na sauti ya mtangazaji, na Baba Kulwa akiwatafsiria wachimbaji siasa za nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuzionyesha kwenye ramani. Hakuuliza tena habari za duara. Kisha asubuhi moja picha ikapotea. Masanja akaja, akapanda, akalisogeza kidogo, akakwaruza mstari, picha ikarudi. Baada ya wiki kama tatu ikapotea tena. Akaja tena. Mara ya tatu, Baba Kulwa alitoka mpaka uani, akasimama kupumua, akaniuliza mimi, si fundi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwenye maelezo.

"Binti, linainamia wapi?"

"Ni upepo tu, baba," nilisema. "Dishi kubwa linashika upepo. Leo huku, kesho kule."

"Nauliza linainamia wapi."

"Popote, baba. Upepo hauna upande."

Aliniangalia kidogo. Ni mtu aliyekaa chini ya ardhi miaka kumi na mitano akiwa hai kwa sababu ya maswali ya namna hiyo. Lakini mimi nilikuwa nimevaa shati la duka lenye kola, na nilikuwa ndiye niliyemletea picha. Akarudi ndani. Masanja alikuwa amesikia. Alishuka kwenye kigoda akaja pembeni yangu. "Dada Nyamizi," alisema, na kwa yeye hiyo ilikuwa hotuba, "nguzo ina zege. Upepo hauwezi kuitikisa nguzo yenye zege. Nipe siku moja nichimbe pale chini niangalie." Nilimwambia tuna wateja sita wanaosubiri, na tajiri ameanza kuniuliza kwa nini fundi anashinda nyumba moja. Alikunja kamba yake. Hakubishana, hakuwa mtu wa kubishana, na hilo nalo nililitumia.

Siku chache baadaye, wakati wa chakula cha mchana, nilikuwa chumbani najifunga kitambaa nirudi dukani, nikawasikia wachimbaji wawili wakicheka. Mmoja alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba aliyefanya kazi kwenye duara la ng'ambo ya uzio wetu. "Mimi kule mwisho sikai peke yangu tena," alisema. "Nikizima nyundo nasikia mtu anatwanga. Gete nawaambia, kabisa, pu, pu, pu, juu ya kichwa changu." Mwenzake akamwambia apunguze bangi. Mwingine akasema ni mizimu ya pale inasaga unga wake, achinje kuku mweupe. Benchi zima likacheka. Nami chumbani nikacheka, kwa sababu alilisema vizuri lile pu, pu, pu. Baba Kulwa hakuwapo, alikuwa amekwenda hospitali kuchukua dawa. Mama Kulwa alikuwa jikoni, na alikuwa anatwanga. Nimelirudia tukio hili mara nyingi kuliko nilivyorudia sala. Kijana alikuwa na kipande kimoja, Masanja alikuwa na kimoja, Baba Kulwa alikuwa na swali. Hakuna aliyekuwa na vyote isipokuwa mimi, niliyekuwa nikilala mle ndani na kusikia kila kitu, na mimi nilikuwa najifunga kitambaa.

Dishi lilipoyumba mara ya nne, na Masanja akalirudisha tena, nilichoka. Si kwamba liliniuma, lilinitia aibu. Wakati huohuo tajiri alikuwa ameleta shehena ya madishi madogo, na huko kwenye bendi ya Ku walikuwa wameanza kuweka vituo vya Kiswahili. Alitaka yatoke. Nilimkalisha Mama Kulwa jikoni kwake, kando ya kinu, nikamwambia tuliondoe hili linalosumbua, tufunge dogo ukutani, halihitaji nguzo, halihitaji zege, halitainama milele. "Na mvua?" aliniuliza. Alikuwa amekumbuka maelezo yangu ya kwanza. "Haya ya sasa ni ya kisasa," nilimjibu. Sikusema kwamba mvua haiyasumbui. Sikusema pia kwamba inayasumbua. Nilisema ni ya kisasa, nikatabasamu, na yeye akatabasamu kwa kuwa aliniamini. Masanja alilifunga lile dogo kwenye ukuta wa nje wa sebule, upande wa uani, urefu wa mkono wa mtu. Lile kubwa akaliomba badala ya ujira wake, pamoja na vyuma vyake vyote, akalifungua vipande na kulipakia kwenye lori la mpunga lililokuwa linakwenda Shinyanga. Uani likabaki shimo lenye zege, limelala upande. Mama Kulwa akaliziba kwa majivu na takataka.

Mvua ya kwanza ya masika ilikuja alasiri, na picha ikakatika katikati ya taarifa ya habari. Wote waliokuwamo sebuleni walinigeukia. Baba Kulwa, mapacha, wachimbaji watatu, na Mama Kulwa akiwa mlangoni na mwiko. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwapo, nilikuwa nimeyasema dukani mara mia: mvua inayameza, tusubiri. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba nilijua. "Ni maji yamekaa kwenye uso wa dishi," nilisema. "Yakifutwa picha inarudi." Mama Kulwa akatoka na kitenge chake, akafuta. Ikatokea kwamba mvua nayo ikapungua, kama inavyopungua kila mvua, na picha ikarudi. Mapacha wakampigia makofi. "Huyu dada Nyamizi ana akili gete," alisema Mama Kulwa akiingia, maji yakimtiririka usoni. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba. Mvua ikinyesha, picha ikikatika, Mama Kulwa anatoka kufuta. Wakati mwingine mapacha walitoka naye, mmoja akishika kiti. Nilikuwa nakaa palepale na sahani yangu mapajani, nikimwangalia akilowa kwa kazi isiyo na maana, na kila alipotoka ilikuwa vigumu zaidi kusema kuliko mara iliyopita.

Siku yenyewe haikuwa na dalili. Tulikula michembe iliyochemshwa na karanga zilizosagwa, kwa sababu barabara ilikuwa imeharibika na samaki hawakufika. Baba Kulwa alikula vizuri. Mvua ilianza saa kumi, kubwa, ya kupiga bati mpaka hatukusikiana, na picha ikaondoka. Mama Kulwa aliweka bakuli lake chini, likiwa na vipande viwili, akajitandaza kitenge kichwani. Doto akataka kumfuata, mama yake akamwambia, "Yaya, hapana, baki, unakohoa." Mimi nilimwona anapita mbele ya mlango. Nilimwona akinyanyua mkono. Kisha ardhi ya uani ikashuka, yote kwa pamoja, bila mlio mkubwa, na pale alipokuwa amesimama pakawa na mvua tu. Jiko lilikwenda naye, na kinu, na zege la nguzo. Ukuta wa sebule ulipasuka kutoka juu mpaka chini lakini ulisimama, na dishi dogo lilibaki limening'inia juu ya shimo. Baba Kulwa alinyanyuka akapiga ukelele, akakimbia, yeye asiyeweza kuvuka ua, akalala kifudifudi ukingoni akiita jina la usichana la mkewe, Minza, Minza, mpaka tukamvuta miguu. Mvua ilipopungua, picha ilirudi yenyewe. Mtangazaji akaendelea kuongea ndani ya chumba kisicho na mtu, na hakuna aliyekwenda kuizima.

Walimtoa kesho yake mchana. Wachimbaji wa pande zote waliacha kazi wakachimba kwa zamu, na kijana wa sauti nyembamba hakupanda juu hata mara moja mpaka alipopatikana. Wenye duara walikuwa wamefuata mwamba kutoka ng'ambo ya uzio mpaka chini ya kinu cha Mama Kulwa. Alikuwa ameshika kitenge. Kila mtu alilaumu mvua, na wengine wakalaumu duara, na mimi nililaumu pamoja nao kwa sauti. Baba Kulwa hakurudi mlangoni wala kwenye kigoda. Alilala chumbani ameuelekea ukuta, na hakumaliza mwaka. Mapacha walichukuliwa na bibi yao huko Kishapu. Masanja alifunga mfuko wake wa vifaa akarudi kwao, na siku ya kuniaga alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akiwa kama anayesubiri niseme kitu. Nilimwambia safari njema. Baadaye nilikuja kuwa mtu wa maana kidogo, nikawa na duka langu, nikawafundisha wasichana wawili watatu namna ya kuongea na mteja. Nyumba yangu haina televisheni. Watu wanadhani ni ulokole.

Haya yote yalikuwa kimya kwa miaka zaidi ya ishirini mpaka Jumatano ile. Nilipopata nguvu ya kusimama nililizunguka dishi, nikainama kuangalia chini yake. Kile chuma cha nyuma kilikuwa bado kimefungwa. Nikafuta kutu kwa kidole nikaiona mistari ya msumari: wa kwanza, kisha mingine minne chini yake, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja chini ya uliotangulia. Hapakuwa na hata mmoja uliopanda. Kila mara alikuwa amelazimika kulishusha uso dishi lile, maana kila mara nguzo ilikuwa imerudi nyuma, magharibi, kule kulikokuwa na jiko. Upepo ungelipeleka huku na kule, kama nilivyomwambia yule mzee. Swali lake lilikuwa na jibu, lilikuwa limeandikwa juu kidogo ya kichwa changu siku ile aliponiuliza, na ningeliona kwa kunyanyua macho tu. Mjane wa Masanja alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo. "Hili alikataa katakata tusilifunge wala tusiwauzie watu wa vyuma chakavu," alisema. "Alikuwa anasema lina mwenyewe, iko siku atakuja kuliangalia. Nikawa naanikia tu, si linakaa bure."

Kulwa alikuwa amekuja msibani. Sasa ni mama wa watoto wawili, ana nyumba yake Buseresere, na alisafiri na basi usiku kucha kumzika fundi wa kwao, kama alivyomwita. Ana mabega ya baba yake. Tangu Jumatatu alikuwa akiniita mama mdogo na kunitengea nyama laini. Saa tisa hivi mawingu yakajikusanya ghafla, na sote tukakimbilia michembe. Tuliisomba kwa mikono, tukaijaza kwenye ungo na beseni, mjane akatangulia ndani, nami nikamfuata na beseni la mwisho huku matone yakianza kunidunda mgongoni. Nilipofika barazani niligeuka kumwita Kulwa. Alikuwa bado pale nyuma. Alikuwa amefungua kitenge kiunoni, amekikunja mara mbili, na alikuwa anafuta dishi, kuanzia ukingoni kushuka katikati, kwa mzunguko, na mvua ikilijaza tena nyuma ya mkono wake.

"Kulwa! Unafanya nini? Halijaunganishwa na kitu hilo!"

Alicheka, akajipangusa uso kwa kiwiko. "Mkono umezoea tu, mama mdogo. Hata kwangu mvua ikianza natoka kufuta, wanangu wananicheka. Si wewe uliyetufundisha? Mama alikuwa anatuambia, dada Nyamizi amesema yakifutwa picha inarudi."

Barazani palikuwa pakavu. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, ndani walikuwa wanamimina chai, na mtu akaita nani hajapata kikombe. Nilikuwa na nafasi ya kuingia. Nimekuwa nikiingia miaka yote. Niliweka beseni chini, nikatoka kwenye mvua, nikaushika mkono wake ule wenye kitenge.

"Haisaidii, Kulwa," nilisema. "Haijasaidia hata siku moja. Mvua ndiyo inayokata picha, na ikipita picha inarudi yenyewe. Nilijua. Mama yako nilimdanganya."

Mkono wake ulisimama juu ya kile kipande cha buluu. Aliangalia dishi, akaniangalia, na niliona akihesabu nyuma kidogo kidogo mpaka akafika kwenye bakuli lenye vipande viwili vya michembe.

"Kwa hiyo siku ile alitoka bure?"

"Bure," nilisema.

Alikamua kitenge, akajifunga, akapita pembeni yangu akaingia ndani.